Sabini ya Mshale, Themanini ya Barabara

Saluni yangu inatazamana na gereji, kwa hiyo habari za watu hunifikia kabla wenyewe hawajashuka garini. Ndivyo nilivyojua, hata kabla ya dada yangu, kwamba mume wake anakaribia kunyang'anywa lori.

Huyo shemeji mtaani tunamwita Taratibu. Zamani alipinduka na gari, dada akiwa na mimba ya kwanza, akaapa mbele ya mama yetu kwamba hatakimbiza gari tena. Na kweli, akawa dereva wa kuudhi. Ukipanda naye unaweza kushuka, ukanunua sabuni, ukamkuta mbele. Tajiri, mwenye lori, alimpendea hilo hilo. Mara mambo yakageuka. Taratibu akawa anafika machimbo ya mchanga kabla ya wenzake. Askari wa barabarani wakamsimamisha na kipima mwendo chao mkononi, wiki haijaisha wakamsimamisha tena. Yeye anaapa kwamba mshale wa spidi haukuvuka sabini. Nani amwamini? Tajiri akatoa neno: Ijumaa anakuja gereji kuchukua ufunguo.

Fundi wa pale, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akambadilisha jina akawa Rubani. Lori likiingia tu, anauliza kama abiria wamefunga mikanda, na sisi kule saluni tunacheka mpaka vitana vinatuponyoka. Dada hakucheka. Siku moja nikimsuka alininong'oneza kwamba siku hizi mumewe akirudi nyumbani anamnusa mdomo, asije akawa ameanza kunywa.

Ijumaa yenyewe saluni ilifurika. Dada alikuwa kwenye kiti, Mama Pacha chini ya mashine ya kukausha nywele, wengine juu ya kreti za soda. Fundi naye alikuja kuchaji simu, maana yake alikuja kusikiliza. Mama Pacha, ambaye akiwa chini ya mashine ile huongea kama anaita mtu ng'ambo ya mto, akaanza kusimulia jinsi juzi asubuhi walivyokuwa kwenye gari la mumewe, mwendo themanini, na lori la Taratibu likawashika mkia njia nzima bila kuachwa.

Dada akainua kichwa, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

"Juzi asubuhi mimi nilikuwa ndani ya hilo lori," akasema. "Nilikwenda kumchunga. Macho yangu yalikuwa kwenye mshale, na mshale ulikaa sabini."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

"Sijasema wewe mwongo, mama. Ila na mimi siyo."

Mtu akazima mashine ili tusikie vizuri. Saluni ikagawanyika pande mbili, kila upande na mashahidi wake ambao hawakuwepo. Nikamgeukia fundi nikingoja atie chumvi. Alikuwa anazungusha waya wa chaja kwenye kidole. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Matairi," akasema. "Yale niliyomfungia mvua zilipoharibu njia ya machimbo. Ni makubwa kuliko ya zamani. Niliyafunga, nikanawa mikono, nikasahau kurekebisha spidomita."

Tukamwambia aseme kwa lugha ya watu. Akaeleza kwamba spidomita haioni barabara, inahesabu tu gurudumu limezunguka mara ngapi. Gurudumu likiongezeka ukubwa, kila mzunguko unakula njia ndefu zaidi, na spidomita bado inahesabu kwa kipimo cha tairi la zamani. Sabini ya mshale ilikuwa inakaribia themanini ya barabarani.

Dada alimtazama mpaka mwenyewe akainamisha uso. "Na ukamwita Rubani."

Nje, pikapu ya tajiri ilikuwa inaingia gereji. Fundi aliitazama, nami nikajua anawaza nini: malori yote ya tajiri hutengenezwa kwake. Angenyamaza, nani angemjua? Akachomoa simu ikiwa haijajaa. "Ngojeni nimwambie kabla moyo haujapoa."

Tukamfuata sote, dada na nusu kichwa chake. Fundi alisema yote mbele ya tajiri na Taratibu, bila utani hata kidogo. Tajiri akajibu kwamba maneno hayajazi tenki, anataka kuona.

Kazi ikaanza. Fundi akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine ardhini, Taratibu akasogeza lori polepole mpaka alama ya tairi ikarudi chini, kisha ikavutwa futi kamba. Fundi alipotaka kuingiza kipimo, Taratibu akasema lori ni tupu, na likibeba mchanga matairi hubonyea. Fundi akajipiga paji la uso. Mama Pacha akajitolea yeye na saluni nzima wapande wawe mzigo. Fundi akasema, kwa heshima zote, uzito huo hautoshi, na Mama Pacha hakujua akasirike au ashukuru. Ikabidi lori liende likapakiwe, tajiri akisubiri kwangu na kikombe cha chai, juu ya kreti. Liliporudi walipima upya, kweli urefu ulipungua kidogo, na fundi akauingiza kwa vitufe vilivyo nyuma ya spidomita.

Yaliyofuata alinisimulia dada, kwa sababu hakuna aliyeweza kumshusha kwenye lori. Fundi alitangulia na pikapu, mwendo sabini, na tajiri alikaa ndani ya lori na dada, akichungulia mshale wake. Sabini. Penye kona alisimama askari mmoja wa wale waliomsimamisha. Taratibu alilowa jasho mpaka usukani ukateleza. Askari akaelekeza kipima mwendo, akakisoma, akakitikisa kidogo, kisha akakishusha na kugeukia gari la nyuma yao.

Tajiri hakuomba radhi, hiyo si desturi yake. Alisema fundi apime na malori mengine. Halafu akamgeukia shemeji.

"Kesho kuna kokoto. Utaondoka saa ngapi? Maana sasa utachelewa."

Taratibu akageuka kumtazama mke wake.

"Ataondoka alfajiri," dada akamjibia. "Mimi ndiye nitakayemwamsha."