Sahani ya Besi

Watu wanaokusanya sahani za muziki wa rege wana vituko vyao. Mtu atahangaika mwaka mzima akitafuta sahani moja, ataipata, ataivalisha nailoni, kisha hataicheza ng'o. Fundi Friji alikuwa hivyo hivyo, tena yeye alipitiliza. Kuta mbili za chumba chake zilijaa sahani adimu, zile zilizotolewa chache na kupotelea mikononi mwa madijei wa zamani. Mdogo wake, aliyeitwa Besi kwa ajili ya sauti yake nzito, alikuwa akimtania kwamba amefungua makaburi ya muziki.

Sasa Besi mwenyewe alikuwa amezikwa. Lori lilimgonga akiwa kwenye pikipiki, asubuhi, akienda kazini. Msiba ulipokwisha na viti vya kukodi vikarudishwa, Fundi alijikuta hajui mikono yake aifanyie nini. Hakulia makaburini, hakulia nyumbani. Watu walimpa pole naye akaitikia kama anayejibu salamu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Basi akachukua kitambaa laini na chupa ya spiriti, akaanza kusafisha sahani moja baada ya nyingine, bila kuangalia hii ni ipi, mpaka haikubaki hata moja yenye vumbi. Hakujisikia vizuri, hakujisikia vibaya. Jambo hilo lilimtisha kidogo, kisha hofu nayo ikapita.

Shemeji yake, mjane wa Besi, alikuja mchana mmoja akiwa amembeba mtoto. Alikuwa anahamia kwa wazazi wake, mbali, na alikuja kuaga. Lakini alikuwa na ombi. Simu ya Besi ilisagika kwenye ajali, na Besi hakuwa mtu wa kutuma sauti. Yeye alikuwa akiandika tu. Sauti yake ilikuwa imebaki mahali pamoja, kwenye sahani moja iliyokuwa humo chumbani mwa Fundi.

Zamani, kabla Besi hajaoa, ndugu hawa wawili walikuwa na disko lao la mitaani, na Besi alirekodiwa akachongewa sahani moja, nakala moja tu duniani, akizungumza juu ya mdundo. Sahani za namna hiyo si plastiki. Ni bati lililopakwa kitu kama rangi ya kucha, na kila sindano ikipita inakula kidogo. Besi alitaka kuicheza siku ya harusi yake. Kaka mtu akakataa katakata, akasema wataiua, na Besi, aliyelelewa na kaka yake huyo, akakubali yaishe. Shemeji naye aliiomba baadaye, akapigwa chenga.

"Leo usininyime, shemeji," alisema. "Huyu mtoto hajui baba yake alikuwa anaongeaje."

Fundi hakubisha. Aliitoa kwenye nailoni yake, akaona uso wake umefanya ukungu. Akaelewa kabla hata sindano haijagusa. Plastiki haidhuriwi na spiriti, lakini ile rangi hulainika na kuvurugika. Akaiweka kwenye mashine hata hivyo, maana hakujua afanye nini kingine. Chumba kikajaa mkwaruzo. Shemeji alimgeuza mtoto aelekee kwenye spika, akangoja huku akitabasamu.

"Mbona haanzi?"

"Haanzi," Fundi alisema. "Niliisafisha kwa spiriti baada ya msiba. Nilizisafisha zote, sikufikiri. Nimemfuta mwenyewe."

Alisubiri atukanwe. Hata kofi angelipokea. Shemeji aliitazama sahani ikizunguka, tabasamu likamwisha taratibu, kisha akauliza Besi alisema nini humo, maana hata hilo hakuwahi kuambiwa.

Fundi alilikumbuka kila neno. Alikuwepo wakati inachongwa.

"Alikuwa anakusema wewe. Hamjaanza hata uchumba. Ulikuwa unauza vocha pale kona."

"Mimi?"

"Alisema, 'Hii ni ya dada wa vocha. Anajifanya hanioni, lakini vocha yangu anaikwangua polepole ili nisiondoke.'"

Shemeji aliziba mdomo kwa kiganja. Ni kweli alikuwa akiikwangua polepole. Miaka yote ya ndoa alidhani mumewe hakuwahi kugundua. Na mumewe hakusema, kwa sababu alitaka mkewe alisikie jambo hilo kwenye sahani, siku kaka yake atakapokubali.

"Mwambie mtoto," alisema, machozi yakimtiririka.

Fundi alipiga magoti mbele ya mtoto, akayasema maneno yale kwa sauti yake kavu. Mtoto akamkazia macho. Shemeji akamwambia arudie. Akarudia. Mara ya tatu alifika kwenye "anajifanya hanioni," na hapo akalia.