Chai Bado

Mume wangu wanamwita Bado, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Mtu akija kuulizia kufuli lake, bado. Akija kuulizia cherehani, bado. Akija kakunja uso, bado kidogo, kaa hapo. Ni fundi wa vitu vidogo vidogo vya chuma, vitasa, mizani, cherehani, na bunduki za watu wenye vibali, na sijapata kumwona akimkabidhi mtu kitu ambacho hakijamridhisha yeye kwanza. Nimegombana naye kwa hilo mpaka nikachoka, nikaanza kumwita Bado na mimi.

Macho yalimwacha polepole. Kwanza alianza kulaumu watu: nani kasogeza tupa yangu, nani kaacha ndoo hapa njiani. Halafu akaacha kulaumu, na hapo ndipo nilipoogopa. Daktari alisema tatizo liko nyuma kabisa ya jicho, si kitu cha kupasua na kutoa, kilichokwenda kimekwenda. Tulitoka pale tumeshikana mikono, nadhani walioona walifikiri ni mapenzi. Njiani akaniambia, "Bado naona mwanga na kivuli. Usimwambie mtu."

"Mtu gani?"

"Kaka."

Kaka yake ndiye mwenye jengo tunalofanyia kazi. Karakana yetu iko chini, na kati yetu na mshona mapazia kuna ukuta wa mbao tu. Shemeji si mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, ningejua pa kumshika. Ni mwoga wa moto, basi, na alishasema mbele yangu kwamba siku mdogo wake akiwa haoni vizuri, jiko la mkaa litatoka na ufunguo utarudi kwake. Na mume wangu bila ile meza yake ni nani? Huyo mtu nilikuwa simjui, na sikutaka kumjua.

Kwa hiyo tukafanya ujanja. Mikono yake haikuhitaji macho. Kupiga tupa, kupinda, kupima unene kwa ukucha, kusikiliza kitasa kama kinakubali au kinakataa, yote aliyafanya kainua uso juu kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Kilichomshinda ni rangi ya moto. Springi ukishaiunda, lazima uitie makaani mpaka iwe nyekundu ndipo uitumbukize kwenye mafuta ikaze. Ukiwahi, haikazi. Ukipitiliza, inaungua ndani kwa ndani na itakuja kuvunjika. "Nyekundu ya nyanya mbivu," alinifundisha. "Ikifika kwenye chungwa, umeniua." Basi nikawa mimi ndiye ninayemwonea rangi.

Mbele ya wateja tusingeweza kutaja rangi, tukawa tunataja chai. Mimi nasimama karibu na jiko na birika mkononi, yeye kashika koleo. Anauliza, "Chai vipi?" Nasema, "Bado." Anauliza tena, bado. Nikisema, "Tayari," anachomoa chuma, anatumbukiza, moshi unapanda, halafu inabidi anywe hiyo chai kweli. Siku za kazi nyingi alikuwa analalamika tumbo limejaa maji, namwambia kunywa, umejitakia mwenyewe.

Na kazi hiyo aliitaka gizani. Kabla ya kutia chuma makaani lazima nifunge dirisha, na juu yetu palining'inia balbu moja ndogo ya manjano iliyovaa masizi, mwanga wake wa kuomba radhi. Nilimwita mkono wa birika. Nilimwambia hata kuku wa watu wana taa nzuri kuliko sisi. Alicheka, akasema giza ndiyo kazi yenyewe. Mimi nilijua ni ubahili, au ile tabia yake ya kutotaka kitu kibadilishwe. Sikuchimba zaidi, na yeye si mtu wa kujieleza.

Mshona mapazia ndiye aliyetuharibia. Alimwona akipapasa ukuta kutafuta mlango, akapeleka maneno juu kwa shemeji. Baada ya muda mfupi shemeji akaingia na bunduki ya marehemu baba yao, ile ya mitutu miwili yenye nyundo mbili kwa nje, imefungwa kwenye shuka. Nyundo ya kushoto ilikuwa imelegea kabisa, unaivuta inarudi taratibu kama kichwa cha mtu anayesinzia.

"Springi imevunjika," shemeji akasema. "Nguruwe pori wanamaliza shamba. Nataka uitengeneze wewe, mdogo wangu, na mimi nikiwa nimekaa hapa hapa nakutazama."

"Kunitazama kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Ukiitengeneza, sitasikiliza maneno ya mtu tena. Meza ni yako mpaka uchoke mwenyewe. Ukishindwa, tutaongea kama ndugu."

Mume wangu akasema sawa, njoo kesho asubuhi. Usiku ule alilala usingizi mzito. Mimi ndiye niliyekuwa roho juu.

Asubuhi shemeji akaja, akakaa kwenye stuli. Na mume wangu, jamani, alifanya kazi. Aliifungua ile bunduki kwa vidole, kila skrubu kwenye kifuniko chake, asiguse kitu mara mbili. Akaitoa springi ya zamani, chuma bapa kilichokunjwa katikati kama koleo la mkaa, imekatika palepale kwenye kona. Akachukua kipande cha msumeno wa zamani, akakikata, akakipasha, akakikunja, akakaa anakipiga tupa na kukifananisha na kile cha zamani kwa ncha ya kidole gumba. Shemeji aliinama mbele, kasahau kilichomleta. "Kama baba," akasema. Mume wangu akaendelea kupiga tupa, ila niliona masikio yake yamepata furaha. Nikasema moyoni tumepona.

Mchana mume wangu akatoka kwenda kunawa uso bombani, nyuma ya jengo. Shemeji akafungua mfuko wake.

"Shemeji, mnaishije kwenye giza hili? Nimewaletea taa."

Akapanda stuli, akaitoa ile balbu ya masizi, akatia nyingine nyeupe, kubwa. Chumba kikafunguka. Niliona utando wa buibui ambao sikujua ninaishi nao, nikaona aibu, nikashukuru. Alikuwa ameileta kwa moyo mweupe. Nilimwona akiifuta kwa shati lake kabla ya kuifunga.

Mume wangu akarudi akijifuta uso. Nikajiandaa kwa ugomvi. Akapita chini ya ile taa, akashika koleo, hakusema neno. Nikafurahi. Nikajiambia leo amepokea kitu cha kaka yake bila kubisha, labda mambo yatakuwa mepesi kati yao.

"Funga dirisha," akaniambia.

Nikafunga. Nikashika birika. Akaitia springi makaani.

"Chai vipi?"

Nikatazama. Chuma kilikuwa cheusi. "Bado."

"Chai vipi?"

Kilikuwa na wekundu kidogo, wa kahawia, kama ganda la kitunguu. "Bado."

Akageuza sikio upande wa jiko. "Leo inachukua muda," akasema.

"Labda mkaa una unyevu," nikamjibu. Sikutaka kuwahi. Siku zote hofu yangu ilikuwa kuwahi. Nilikaza macho mpaka yakatoka machozi, nikasubiri nyanya yangu, shemeji anatutazama, labda anashangaa chai gani hii inayohitaji watu wawili. Kisha nikaiona, nyekundu nzuri, hiyo hiyo tuliyoizoea.

"Tayari."

Akachomoa, akatumbukiza. Mafuta yakalia. Nikammiminia kikombe, akanywa akiwa amesimama, akamkaribisha na kaka yake. Baadaye akaipaka springi mafuta tena na kuyaunguza juu yake ili kupunguza ule ugumu, kazi anayoifanya kwa pua tu. Akaiacha ipoe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitapika nini cha kusherehekea.

Kabla ya kuirudisha kwenye bunduki lazima aibane kwanza kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, aone kama inaruka. Akaibana. Akazungusha mkono wa jiliwa taratibu, miguu miwili ya springi ikakaribiana, ikakaribiana. Ikalia, ta. Kipande kimoja kikaruka, kikagonga kopo la misumari sakafuni, kikadunda na kurudi mezani. Kikalala hapo katikati, mbele ya tumbo lake, kinang'aa chini ya taa nyeupe.

Mume wangu akapiga magoti. Akaanza kutafuta sakafuni, kule kwenye kopo. Alipapasa chini ya meza, akapapasa kando ya mguu wa stuli, akagusa kiatu cha kaka yake, akaondoa mkono haraka na kuendelea upande mwingine. Shemeji alitazama kile kipande mezani. Akanitazama mimi. Akatazama birika. Akaelewa yote, na chai pia.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "kiko mezani. Kiko mbele yako."

Mume wangu alibaki amepiga magoti, mikono sakafuni. Kisha akainuka, akajipangusa vumbi. Shemeji akaenda kusimama kando ya mlango, ametugeuzia mgongo, mabega yanatikisika. Hakusema habari ya moto. Hakusema nilikwambia. Mume wangu akatoa ufunguo mfukoni, akaunyoosha kwenye ile stuli ambayo haikuwa na mtu.

"Kaka, chukua."

Akaendelea kuushikilia hivyo, mpaka shemeji akarudi kutoka mlangoni na kuupokea.

Jioni tulikaa mezani nyumbani. Alikuwa amekuja na vipande viwili vya springi, anavizungusha vidoleni, mahali palipokatika anapasugua kwa kidole gumba. Sikuwa na njaa na sikuwasha jiko.

"Ina chembe," akasema. "Kubwa, kama sukari. Chuma kizuri kikikatika kinakuwa laini kama kitambaa. Hii imeungua. Ilipita nyanya, ikapita chungwa, na wewe unaniambia bado."

Hapo nikawaka. Nilimwambia nimemtumikia kama macho yake na sijawahi kukosea, kwamba niliiona kwa macho yangu haya, nyekundu ya nyanya, sivyo kama anavyodhani, na kama anatafuta wa kumlaumu akajilaumu mwenyewe na siri zake. Nilisema mengi. Alingoja nimalize.

"Dirisha ulifunga?"

"Nilifunga. Mbona umenisikia nikifunga."

"Basi sielewi. Rangi ya moto inaonekana kwenye giza tu. Kukiwa na mwanga mkali unadanganywa, chuma kimeshaiva na wewe unakiona cheusi. Ndiyo maana sikutaka balbu kubwa miaka yote. Ulidhani ni nini?"

Niliiona springi makaani, ya kahawia, na mimi nimekaza macho chini ya ile nuru yote. Hasira ikaniisha.

"Kumbe ni ile taa," nikasema.

"Taa gani?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni.

"Taa aliyoweka kaka yako. Ile nyeupe. Ulikuwa umesimama chini yake mchana kutwa."

Vidole vyake viliacha kuzunguka. Akaviweka vile vipande mezani, kimoja kando ya kingine, akavisawazisha.

"Uliniambia mwanga unauona," nikasema.

"Ndiyo," akajibu. "Nilikuambia."