Chungu Kisichoonyeshwa

Mikono ya Musonda ilikuwa na akili kuliko mwenyewe, na siku ya kermesse, sikukuu ya misioni, ndiyo iliyomtia matatani.

Patron wake, Mbelgiji mwenye karakana ya useremala karibu na stesheni, alikuwa amechoka kuuza miguu ya meza. Akaja na wazo: Musonda akereze vyombo vya mti vyenye maumbo ya vyungu vya kijijini, ili wazungu wa Élisabethville waviweke saluni na kuambiana jinsi wanavyoipenda Afrika. Musonda akakubali. Umbo la mtungi wa maji alilijua. La chungu cha pombe alilijua pengine kupita kiasi. Akavitoa vyote kwenye mulombwa, mti mwekundu mzuri, vikang'aa mezani kama vipara vya mapadri.

Kikabaki kimoja kidogo. "Kidogo sana," patron alisema, "Madame mmoja aweke pete zake."

Jumamosi Musonda akafunga gogo kwenye mashini ya kukerezea, akakanyaga pedali, akapiga mluzi. Hata hakufikiri. Tumbo likatoka, shingo ikatoka, mdomo ukapinda nje kama wa mtoto anayetaka kulia. Kikawa kizuri kuliko vyote. Patron akaamuru kisifunguliwe kutoka kwenye mashini: kitapakwa nta na kukatwa kitako uwanjani, watu waone kazi.

Basi Jumapili mchana mashini ilisimama katikati ya uwanja wa misioni, tarumbeta zikilia, watoto wakibishana nani atasogea karibu. Adolphine, mkewe Musonda, akaja na bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani ya bati. Alipoiona mashini, akaiweka sahani chini kando yake.

"Ba Musonda, ile njo nini?"

"Ya kuweka pete. Kuna Madame alishaiomba."

"Angalia muzuri."

Akaangalia vizuri.

Kilikuwa chungu chao. Kile kidogo ambacho shangazi humfinyangia binti wa kaka yake anapoolewa, kinachofichwa chini ya kitanda, na mume na mke hunawa maji yake alfajiri, wao wawili tu. Hata watoto wa nyumba hawakioni. Musonda alikuwa amekishika alfajiri kwa alfajiri, kule nyumbani kwao, mtaa uitwao Kenya, tangu ndoa ianze; mikono ilipoambiwa "kidogo", ikakumbuka hicho hicho. Na sasa alikuwa amekisimamisha kati ya muuza biya na padri, mji mzima ukikitazama. Ni sawa na kutandika kitanda chako sokoni, kisha ukawauliza wapita njia kama mto umekaa vizuri.

"Mayosenge anakuya," Adolphine akanong'ona. "Nimemuacha kwa geti, anasalimia bantu ba Kasenga."

Mayosenge ni shangazi, na huyu, Mwaba, ndiye aliyekifinyanga chungu chenyewe. Alikuwa ameshuka juzi kutoka Kasenga, juu ya lori la samaki, kuja kuona ndoa inakaaje. Chungu kikionwa na wengine, aliyekitoa ana haki ya kukichukua. Na chungu kikiondoka, mke hukifuata.

"Akikiona, kesho tunapanda camion, mimi na yeye." Adolphine hakuwa akitisha. Alisema kama mtu ambaye tayari anafikiria nguo zipi atafunga.

"Nikifunike na koti?"

"Patron yako atafunua."

Kweli, patron alikuwa akija, yule Madame wa pete kando yake na kofia kubwa kama mwavuli. "Allez, Musonda! Maliza kazi!"

Nyuma yao kilichomoza kitambaa cha njano kichwani mwa mwanamke mrefu. Musonda akainamisha macho haraka, maana mkwe hatazamwi usoni. Tangu hapo, habari zote za Mwaba alizipata kwa miguu yake tu: miguu mipana, ya mtu aliyekanyaga udongo maisha yake yote. Ikasimama kwa muuza samaki. Ikaondoka. Ikasogea.

Patron akamnyooshea nta. Musonda akachukua patasi.

Akakanyaga pedali, akalenga mdomo. Nyuzi nyekundu zikaruka. Mdomo ukaisha. Patron alicheka kwanza, akidhani ni mapambo. Shingo ikaanza kuliwa, na kicheko kikakatika.

"Weye iko wazimu? Simamisha!"

Miguu mipana ikasimama mbele ya mashini.

"Adolphine," ikasema sauti kutoka juu ya miguu hiyo, maana naye hakuruhusiwa kusema na mkwe moja kwa moja. "Ambia ule muntu: tumbo lingalipo."

Adolphine akafungua kinywa kufikisha ujumbe. Haikuhitajika. Musonda alikanyaga pedali mpaka goti likauma, akazamisha patasi tumboni, mahali mti ulipokuwa mwembamba kama ganda la yai. Ukapasuka. Kipande kikapita karibu na sikio la Madame na kuangukia kwenye meza ya biya.

Watoto wakashangilia. Patron alikuwa amegeuka rangi ya mulombwa.

"Mti ingine iko hapa," akasema polepole. "Utafanya kama ile. Sasa hivi, mbele yangu. Kama hapana, basi kesho usirudi."

Miguu haikusogea.

"Mutungi nitafanya, patron. Chungu ya pombe nitafanya. Ile, hapana."

"Sababu gani?"

Musonda, ambaye kwa kawaida alikuwa na jibu hata kwa mbuzi, aliiweka patasi chini. Kueleza kungekuwa kukionyesha mara ya pili.

"Vua tabuliye. Toka."

Akaivua tabuliye yake ya kazi, akaiweka juu ya mashini. Patron akaondoka na Madame, akiomba radhi kwa Kifaransa kirefu.

Mwaba akainama, akaokota vipande vyote, hata kile cha kwenye meza ya biya, akavifunga katika ncha ya kitenge chake. Kisha akaketi kwenye benchi, mgongo kwa Musonda, kama inavyotakiwa.

"Adolphine, bukari inapola," akasema. "Pelekea bwana yako akule."

Sombe ilikuwa imejaa vumbi jekundu la mti. Musonda aliila yote.