Unywele Ndani ya Darubini

Sindano ya tatu nayo ilijichimbia kwenye udongo, chini kabisa ya ubao wa shabaha. Baba hakuinua uso. Alibaki amelala kifudifudi kwenye turubai, shavu juu ya kitako cha bunduki, na mimi nyuma yake nilitamani ardhi inimeze. Mkaguzi aliyekuja kumpima shabaha aliandika kitu kwenye daftari, akasema kwa upole kuwa angerudi Jumatatu. Mzee akishindwa tena, bunduki ingerudishwa ghalani na yeye apumzishwe.

Baba alikuwa askari wa hifadhi ya wanyama. Bunduki yake haikuua. Ilirusha sindano za usingizi, ili mnyama aliyenaswa mguu kwenye waya alale kidogo, daktari amfungue na kumtibu. Kazi hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani kila asubuhi tangu mama afariki. Nilijua akinyang'anywa atakaa kwenye kiti cha sebuleni na hatainuka.

Na aliyeharibu mambo ni mimi.

Mimi ni fundi wa miwani, kamera na darubini, na sifa zangu nilizijua kabla watu hawajanipa. Wiki moja kabla ya jaribio, Baba aliniletea darubini ya bunduki ile, bomba jeusi lililochubuka rangi, lenzi zimeota ukungu kwa ndani. "Nisafishie vioo tu, mengine yaache," alisema. Lakini mimi na mengine hatuachani. Nilipoifungua nikakuta kwamba mstari wa kulala, mmoja wa ile miwili inayokatana katikati ili mtu alenge, haukuwa waya. Ulikuwa unywele, umebandikwa kwa gundi, umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Nikacheka peke yangu na kujiuliza ni fundi gani huyu wa kuungaunga. Nikaukata, nikaupuliza, nikafunga waya mwembamba ulionyooka sawasawa.

Siku ile ya jaribio tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye amebeba bunduki, mimi nimebeba aibu, ingawa bado sikujua kosa langu ni lipi. Tulipofika jikoni aliuliza, huku akijimiminia maji, "Ule unywele umeuweka wapi?"

"Niliupuliza, Baba."

Akanywa maji yote kwanza. "Ulikuwa wa mama yako."

Miaka kumi na tisa nyuma waya wa kwanza ulikatika, na fundi wa karibu alikuwa mwendo wa siku mbili. Mama alikuwa fundi cherehani, mikono yake haikuogopa vitu vidogo. Aling'oa unywele mmoja kichwani, akaulowesha, akauvuta mpaka ukanyooka, akaubandika kwa ncha ya sindano huku ameuma midomo. Nywele zetu hazipendi kunyooshwa. Haukupita mwezi ukalegea, na Baba, badala ya kulalamika kwamba sindano zinapita juu, akajifunza kushusha mkono kidogo kila anapolenga. Mama alitaka kuukaza, akamkatalia. Miaka ikapita, mkono ukawa unashuka wenyewe.

"Waya wako umenyooka," alisema. "Mkono wangu ndio uliopinda."

"Nikununulie darubini mpya? Utaizoea."

"Kabla ya Jumatatu?" Akatabasamu. "Mwanangu, mimi hata kiatu kipya hunichukua mwaka."

Nililia pale pale jikoni, mtu mzima na kazi yangu. Hakunikemea. Angenikemea ningepona upesi.

Jumapili nilimwita kwenye karakana yangu. Nilifumua msuko mmoja, nikachagua unywele, nikaulowesha, nikauvuta. Upande mmoja niliubandika, upande wa pili nikaushika kwa kibano. Nikamwomba aweke jicho kwenye kioo cha nyuma.

"Legeza," alisema. "Bado. Hapo umezidisha, rudisha."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usipumue."

Nikatia tone la gundi. Lilikauka, na yeye hakuondoa jicho. Nilipanga vibano vyangu, nikavipanga tena, nikamwacha na muda wake.

"Wako ni laini," alisema hatimaye. "Yeye alikuwa na nywele ngumu, kama maneno yake."

Nikacheka, naye akacheka, jicho bado liko pale pale kwenye kioo. Nilimpenda sana wakati ule, na nikamwambia. Akajibu kwamba anajua, nisimtikisie meza.

Jumatatu sindano zote tatu ziliingia ndani ya duara. Mkaguzi aliomba kuchungulia, akachungulia, akakunja uso.

"Mzee, mstari huu umelegea. Fundi wako hakuuona?"

"Aliuona," Baba alisema. "Ndivyo nilivyomwagiza."

Alifanya kazi miaka minne zaidi, akastaafu kwa hiari yake. Bunduki ilirudi ghalani. Darubini walimwachia, kwa kuwa hakuna askari mwingine aliyeweza kulenga nayo. Siku hizi hukaa nayo kibarazani siku ninazomtembelea. Nikikata kona ya mwisho namwona ameiinua jichoni, ananitafuta katikati ya wapita njia. Akishanipata, anashusha mkono kidogo.