Bahari Ilikubali, Ngazi Zikakataa

Asubuhi ambayo meli ilikuwa itie nanga kwenye kisiwa cha dada yake, Fundi Saa aliamka kabla ya mwanawe, akajivuta kutoka kitandani hadi kwenye kiti mwendo chake, akaingia bafuni. Bafu lilikuwa kama walivyoahidiwa. Sakafu haikuwa na kizingiti, kulikuwa na benchi chini ya bomba la mvua, na vyuma vya kushikilia vilikaa pale pale mkono unapovitafuta. Aliyechora chumba kile ama alikuwa na kiti, ama alizaliwa na mama mwenye kiti. Fundi alimwombea heri huku akijisugua miguu yake myembamba, ambayo homa ya utotoni iliipitia na kuiacha hivyo.

Homa hiyo haikumpitia peke yake. Fundi alikuwa pacha, na dada yake, aliyemtangulia kutoka tumboni kwa muda wa kukohoa tu, naye ilimpitia juma lile lile. Walikua wakishuka na kupanda ngazi za uani kwa makalio, wakishindana. Baadaye dada akaolewa na mwalimu wa kisiwani, akafungua duka la vitabu vya shule, na tangu hapo walizungumza kwa simu tu, maana vivuko vya kwenda kule vilipakia mbuzi, magodoro na majeneza, lakini viti mwendo havikupakia. Simu ilitosha mpaka masikio ya dada yalipoanza kumsaliti. Kila sentensi ikawa "unasemaje?" na "hebu rudia." Mwishowe dada alisema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, "Mdogo wangu, siku hizi nasikia kwa macho. Nikiiona midomo yako, nitakusikia."

Hiyo ndiyo sababu Fundi, mwanamke aliyemaliza ujana wake wote akifungua saa za watu kwa bisibisi nyembamba kama sindano, alikubali kupanda meli ya anasa. Kampuni ilikuwa na safari maalumu ya watu wenye ulemavu na familia zao, bandari hadi bandari, na tangazo lake lilisema kila mlango uko wazi kwa kila abiria. Kisiwa cha dada kilikuwa njiani.

Mwanawe alimsindikiza. Fundi alimwita Baba, kwa kuwa alirithi jina la baba yake Fundi, marehemu. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, kazi yake kuuza bima, na kazi hiyo ilimfunza kuona ajali mahali ambapo wengine huona ganda la ndizi tu.

Meli ilitia nanga mbali, kwa kuwa maji ya gati la kisiwa yalikuwa machache. Abiria walipanga foleni kwenye mlango wa ubavuni, karibu kabisa na bahari, ambapo jukwaa la chuma liliteremka kidogo hadi usawa wa maji na boti ndogo zilikuja kuwachukua. Ofisa wa mlangoni alikuwa mwanamke mtanashati mwenye redio begani na sauti laini kama mafuta ya nazi.

"Mama yangu, leo wewe utabaki na sisi," alisema. "Sitaha ya juu kuna muziki mzuri sana."

"Nibaki kwa nini?"

"Boti ni za abiria anayeingia kwa miguu yake miwili. Ni kwa usalama wako."

"Tangazo lenu lilisema kila mlango uko wazi."

"Mlango uko wazi, mama," ofisa akasema, akauonyesha kwa mkono. Kweli ulikuwa wazi. Upepo uliingia.

Mwanawe akainama karibu na sikio lake. "Mama, anachosema kina maana. Tazama hayo mawimbi. Mtu akianguka hapa, swali linakuja kwa nani?"

"Wewe umekuja kunisindikiza au kunikatia bima?"

Nyuma yao, mzee kipofu waliyemzoea kwa jina la Mzee Miwani aliuliza mbona foleni imesimama. Binti yake akamwambia kuna mama anazuiwa. Fundi alitazama kisiwa. Juu ya ukuta wa gati aliona nukta mbili, moja imesimama, moja imekaa. Hakuhitaji darubini kumjua aliyekaa.

Akavaa glovu zake za ngozi, akafungua breki.

Kiti kiliteremka jukwaa kwa mwendo wa kawaida. Mwanawe alidaka mpini, lakini mpini ulikwisha kumponyoka. Magurudumu madogo yaligusa maji, na maji yakayashika. Yale makubwa yakafuata, nayo yakashikwa. Bahari ilibonyea kidogo chini yake, kama godoro jipya. Fundi akasukuma mara moja, akaona kiti kinakwenda, akasukuma tena.

Ofisa alibonyeza redio. "Kuna abiria yuko juu ya bahari."

"Juu ya boti?" ikauliza sauti ya nahodha.

"Hapana. Juu ya bahari yenyewe."

"Boti ametumia?"

"Hajatumia."

"Basi kanuni ya boti haimhusu. Avae boya. Na awe amerudi kabla hatujang'oa nanga, hatumsubiri mtu."

Ofisa alimrushia Fundi boya, naye akalivaa.

"Maji yamemshika?" Mzee Miwani akauliza.

"Yamemshika, baba," alisema binti yake.

"Vizuri. Basi tusogee."

Mwanawe aliweka mguu juu ya maji amfuate mama yake, akazama hadi gotini, kiatu na soksi. Akautoa mguu, akapanda boti pamoja na wenye miguu yao.

Safari haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa sasa. Bahari ile ilikuwa na milima. Fundi alipanda wimbi kwa kusukuma hadi mishipa ya shingo ikasimama, na alipofika juu, kiti kiliporomoka upande wa pili, akawa anabana magurudumu kwa viganja hadi ngozi ya glovu ikanuka. Mkondo ulimvuta pembeni. Mara mbili boti ya mwanawe ilipotea nyuma ya maji, na mara mbili akaisikia sauti yake ikiita "Mama!" kama alivyoita akiwa mtoto na homa. Hakujibu. Pumzi alizokuwa nazo alikuwa na kazi nazo.

Alipofika chini ya gati, alibana magurudumu. Kisiwa kizima kilizungushiwa ukuta wa mawe kuzuia mawimbi, na njia ya kupanda ilikuwa moja tu: ngazi za mawe, nyembamba, za chini zikiwa kijani kwa utelezi. Abiria wa boti walizipanda mmoja mmoja wakaingia mjini. Fundi alishika pete ya chuma iliyofungwa ukutani, maana maji yalimbeba lakini hayakutulia, akainua uso. Mlinzi wa gati alikuwa akimtazama kutoka juu.

"Karibu, mama. Hapa kupanda ni kwa ngazi."

"Naziona. Na winchi ile pale?"

"Winchi ya mizigo hiyo. Mtu haruhusiwi."

Mwanawe, aliyekwisha kushuka kwenye boti, akasema atambeba. Mlinzi akanyoosha kiganja. "Kubeba mtu kwenye ngazi hizi ni marufuku, bwana. Mtu akianguka hapa, swali linakuja kwangu."

Yalikuwa maneno ya mwana mwenyewe ya asubuhi, na sasa aliyasikia yalivyo.

"Hata angekubali, nisingebebwa," Fundi alimwambia mwanawe. "Nilishabebwa. Harusini kwako walinibeba wanaume wanne, kila mmoja akimwachia mwenzake, nikatua chini na gauni langu. Mimi si gunia."

Juu ya ukuta, dada alikuwa amefuata midomo yote hiyo. Alimwambia mumewe neno moja, akafunga breki za kiti chake, akajishusha chini, akakaa kwenye ngazi ya kwanza. Kisha akashuka ya pili, kwa makalio, miguu akiitanguliza kwa mkono kama mtu anayepanga vyombo. Mlinzi alitafuta kanuni ya mtu anayeshuka amekaa, akaikosa. Mwalimu, shemeji yake Fundi, alibaki juu ameshikilia kiti kitupu.

Alishuka taratibu mno. Kwenye mawe ya kijani aliteleza, akadakwa begani na mpwa wake, akaendelea. Hatimaye alikaa kwenye ngazi ya mwisho, maji yakilamba upindo wa gauni lake, na nyuso mbili zilizofanana zikawa karibu kiasi cha kupuliziana.

"Umezeeka," dada akasema, kwa sauti iliyofika hadi mjini.

"Na wewe pia."

"Mimi nimezeeka vizuri. Wewe umekauka."

Fundi alicheka hadi pete ikamponyoka, mwanawe akawahi kushika kiti. Baada ya hapo walizungumza. Fundi alitamka kila neno polepole, dada akimshika kidevu asigeuze uso. Walisema ya mama yao, ambaye hawakuweza kwenda kumzika pamoja. Walisema ya duka. Dada alisema masikio hayamwumizi, kinachomwumiza ni watu kumjibu kwa kupunga mkono, kama vile kutosikia ni kutokuwa na akili. Fundi alisema hajawahi kumpungia mkono. "Ndiyo maana nimeshuka," dada akajibu.

Maji yalikuwa yanajaa. Yaliifunika ngazi ya mwisho, dada akapanda moja, akaendelea kuongea. Yakamfuata, akapanda nyingine. Abiria walirudi na mifuko yao, wakampita kwa adabu, "samahani, mama, samahani," wakajaza boti. Honi ya meli ikalia.

"Boti ya mwisho, bwana," mwendesha boti akamwambia mwana.

Mwana aligeuka kuangalia. Mama yake mkubwa alikuwa amebakiwa na sehemu kubwa ya kupanda, na kupanda kwa makalio si kama kushuka. Mikono yake ilikuwa imechoka. Chini yake palikuwa utelezi, na chini ya utelezi, bahari ambayo haikuwa imeahidi kumshika mtu asiye na magurudumu. Mwana alimzunguka hadi mbele ya macho yake, aisome midomo. "Mama mkubwa, nikubebe?"

"Usinibebe. Kaa chini yangu. Nikiteleza, nikukute."

Mwana akamwambia mwendesha boti, "Nenda." Akakaa ngazi moja chini yake, mabega yake yakiwa ukuta, wakapanda hivyo: dada anajiinua, mwana anajiinua. Fundi, chini, alizungushwa na maji yaliyoanza kuwa na hasira, akitazama nyuso mbili bila kupepesa. Honi ikalia tena. Mnyororo wa nanga ukasikika ukivutwa. Dada alipofika juu, mumewe na mpwa wake wakamweka kitini, na hakuaga kwa mdomo. Aligeuka tu, akahakikisha uso wake unaonekana kutoka chini.

Mwana akashuka mbio.

"Panda nyuma," Fundi akamwambia. "Kanyaga hicho chuma, shika mabega yangu."

"Mama, mimi ni mzito."

"Wakati nakubeba tumboni hukuuliza."

Akapanda. Kiti kilizama hadi katikati ya magurudumu, kikasita, kikakubali. Fundi alisukuma. Mwanawe alifumba macho, akayafumbua, akaona hakuna tofauti. "Mama, huku hakuna bima ya aina yoyote," alisema, na hilo lilikuwa neno lake pekee njia nzima. Meli ilikwisha kuanza kugeuza pua.

Mlangoni ofisa aliwatazama. "Mama, karibu. Ila huyu alishuka kwa boti. Aliyeshuka kwa boti hurudi kwa boti."

"Boti zote mmezipandisha," Fundi akasema huku akihema.

"Ndiyo, mama."

Jukwaa lilianza kunyanyuka. Fundi alidaka ukingo wake kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akaupeleka nyuma, akakamata mshipi wa suruali ya mwanawe. Ofisa alibonyeza redio, akaeleza. Nahodha akauliza kama huyo mtu amekanyaga maji. Hajakanyaga, ofisa akasema, yuko juu ya kiti.

"Mwandike mzigo wa mkononi," nahodha akasema.

Akaandikwa hivyo, wakaingia. Mwana alikaa sakafuni, akalia kidogo, mama yake akampa leso.

Habari ilienea wakati wa chakula bila makelele. Wenye viti waliulizana kuhusu glovu. Asubuhi yake vipaza sauti vilitangaza kwamba kampuni, katika kujali mahitaji ya kila mteja, inawaruhusu watumiaji wa viti mwendo kutumia bahari bandari zote zilizobaki. Wanaombwa kufuta magurudumu wakirudi ili zulia lisiharibike. Boti zitabaki kwa wenye miguu miwili, na kuhusu magati, kampuni haina mamlaka.

Bandari iliyofuata ilikuwa ya mji mkubwa, na hapo pia meli ilitia nanga mbali. Wenye viti wote walishuka kwenye maji pamoja: mabinti, wastaafu, mtoto mmoja mwenye kiti kidogo chekundu aliyepiga kelele kila wimbi likimnyanyua. Bahari iliwapokea bila kubagua. Mlangoni, ofisa aliripoti kwa redio kwamba abiria wote wameshuka.

Ngazi za bandari ile zilikuwa za zege, mpya, zimepakwa rangi ya njano kwenye kingo ili mtu asijikwae. Viti vilikusanyika chini yake, vikigongana polepole kila wimbi lilipopita, na familia zao zikawapiga picha kutoka juu.

"Baba," Fundi akasema, "panda, ukauone mji."

Mwanawe alikuwa ngazi ya chini kabisa, amevua viatu, maji yakimfika kwenye vifundo. Alitazama juu, akatazama mlinzi wa pale, ambaye tayari alikuwa amenyoosha kiganja. Akasogea pembeni kuwapisha wanaopanda, akashika kiti cha mama yake kisichukuliwe na mkondo.