Buti ya Josias Ilifika Kwanza

...kidogo tu, mama Myriam, sogea kwenye mwanga, anasema Jessica, basi hapo, usitikisike tena, na mimi nakaa bila kutikisika kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yangu mwenyewe kama mgeni aliyekuja kuomba, Myriam amenilalia kifuani, kitambaa cheusi kinanibana kichwa, na simu imesimama kwenye miguu yake mitatu myembamba ikinitazama kwa jicho moja, "Ukilia haina mubaya, mama, batu banasikia huruma," na mama Florentine anamkata kutoka mlangoni, "Wacha ile, Jessica, hatukuye kumuliza," mama Florentine ambaye ndiye aliyelianzisha shirika hili la kusaidia wajane, wakati bado halina jina wala ukurasa wa Facebook, lilikuwa wanawake wa mtaa tu, wakisikia kilio wanakuja na kuni, unga wa bukari, sabuni, wanaweka jikoni wanaondoka, hujui nani ameleta nini, nilipomzaa Myriam niliamka nikakuta ndoo imejaa maji na mama mmoja anafua nguo za mtoto akiimba chini chini ili asiniamshe, hata jina lake sikulijua... lakini wajane wamekuwa wengi, mashimo ya madini hayachoki kuanguka, na wale waliokuwa na uwezo wamehamia Lubumbashi, Ubelgiji, Kanada, huko kilio hakisikiki, lazima kipite ndani ya simu, ndivyo Jessica alivyowaeleza akina mama, na alisema kweli, najua alisema kweli, "Rezo inakatala," anasema sasa, mtandao wa kuturusha moja kwa moja umegoma, "iko nazunguka tu, tungoje," anazima, anawasha, anaogopa, masikini, ananiogopa mimi... kwa sababu ya siku ile shimo lilipoanguka kule Mutoshi, alifika hata hawajamaliza kuwatoa wanaume chini, alikuja na nia nzuri, akapiga video ya kuomba msaada, na uso wa mtu hakuuonyesha, alikuwa amefundishwa hivyo, aliionyesha miguu tu chini ya turubai, na mguu mmoja ulikuwa na buti ya bluu iliyoshonwa kwa waya mwekundu wa umeme, buti niliyoishika mimi kwa mikono yangu mume wangu Josias alipoishona, sasa mguu wangu uko na kura, uko na umeme, alisema, usiniguse mama, nitakuwasha, tulicheka mpaka Myriam akaamka, Josias akaipiga picha akamtumia mama yake, mama Ndaya, kule Kamina, angaria, mama, mutoto yako amekuwa fundi... na picha ile mama Ndaya alikuwa akiwaonyesha watu sokoni, buti ile aliijua kuliko mtu yeyote. Na tata Godefroid, mkubwa wa timu yao ya shimo, alikuwa amekwisha kuvaa shati lake la misiba, amekwisha kupanda treni kumpelekea habari, maana kwetu mtu hafi kwa simu, anatumwa mtu mzima, anafika, anasalimu, anauliza habari za shamba, anaomba maji ya kunywa, anamketisha, anasema ikala kwanza, mama, ikala chini, mutoto anagonjwa, halafu, anagonjwa sana, halafu ananyamaza, na mama anaelewa mwenyewe, wakati huo wanawake wawili wamekwisha kusimama nyuma yake kumpokea... buti ilifika kabla ya treni. Mama Ndaya alikuwa bombani, amesimama, jirani akamletea simu bila kujua kitu, mama, angaria, kule kwa mutoto yako shimo imeanguka, na akaanguka palepale kwenye matope, ndoo inafurika, hakuna mkono wa mtu. Tata Godefroid alikuta uwanja umejaa watu wanaolia, akasimama pale na shati lake, "Nilikuwa mu njia na neno yake, mama Myriam, nikafika nayo ikingali mu kinywa," na aliponiambia hivyo alitazama pembeni ili nisimwone. Tangu hapo mama Ndaya hapokei simu yangu, alisema mbele ya ndugu zake kwamba niliuza kifo cha mtoto wake kwa watu wa Facebook, mimi niliyekuwa nimelala chini sijui hata kama ni asubuhi... na bado siwezi kuichukia video ile, maana Bilali mwenye lori aliiona, mtu asiyetujua, akaja kubeba jeneza, tulipotaka kumshukuru akasema leo gari ni ya Josias, na Jessica mwenyewe aliifuta akilia, akaja kuomba msamaha kwa magoti, na sasa akina mama wamekubaliana, hakuna kupiga picha mpaka familia ipate habari kutoka kinywa cha mtu, hakuna uso wa mtoto, ndiyo maana anakuja taratibu na kumfunika Myriam kwa kitenge changu, uso wote, kwa upole, kama anafunika mkate, "Utasema tu vile tulijifunza, jina yako, miaka ya Josias, na kuomba batu baendelee kusaidia bajane," ndiyo, Jessica, nimeyashika yote... lakini tata Godefroid amenong'ona jana kwamba mama Ndaya kila jioni anamwomba jirani amfungulie ukurasa wa shirika, hasemi anatafuta nini, anatazama tu, na mimi nimejua anatafuta nini. "Inakuya! Hapana... imekufa tena," na mama Florentine anacheka kidogo, "Hata rezo iko na kilio yake," na mguu wa Myriam umetoka nje ya kitenge, mguu mtupu, kidole kikubwa kimepinda kwa ndani kama cha baba yake, kama cha bibi yake kule Kamina, Jessica anainama kuufunika, wacha, namwambia, mguu uache, ananitazama, halafu anaelewa au haelewi, anarudi nyuma ya simu, na yale tuliyojifunza yananitoka yote, nina neno lingine kinywani, lilikuja na treni likakosa mtu, taa nyekundu bado haijawaka, kiduara kinazunguka, kinazunguka, nami nashika mguu huu wa moto mkononi na kungoja, mama Ndaya, uko wapi, umesimama? ikala kwanza, mama, ikala chini, waite majirani wakae karibu yako...