Salamu kwa Mhariri

Asubuhi ile Sidi alikuwa amekwisha kumchapia mteja mmoja ombi la kazi na mwingine kadi ya harusi, pale dukani kwa Jamaldin, Biashara Street. Mwaka huo wa 1998 kompyuta ya Jamaldin yenye intaneti ilichunguliwa na wapita njia kama bibi harusi. Akaingia Karisa, hamali wa soko la Marikiti, jicho limevimba kama andazi.

"Dada Sidi, lipelekee gazeti la Nairobi habari hii. Maaskari wametuvunjia mikokoteni. Mwenzangu Chirau wamemvunja mkono kwa rungu. Kesho watasema sisi ndio tulioanza."

"Kwani mwandishi wao wa hapa yuwapi?"

"Yuwanywa chai na mkubwa wa maaskari."

Sidi akachapa. Ilikuwa barua pepe ya kwanza ya Karisa, naye hakutaka ikose adabu. Ilianza kwa kumjulia hali mhariri na watoto wake, ikaishia: "Wakusalimu pia Chirau na mkewe Mejumaa, nami Karisa. Twapatikana nyuma ya banda la vitunguu."

"Salamu zote hizi?" Sidi aliuliza.

"Barua bila salamu ni samansi, dada."

Alhamisi gazeti likaitoa nzima. Salamu nazo nzima. Mhariri hakukata hata neno. Marikiti wakasomeana kwa sauti, wakapiga vigelegele.

Adhuhuri maaskari wakafika nyuma ya banda la vitunguu, gazeti mkononi.

"Chirau hajambo?" sajini aliuliza, akalishusha rungu juu ya mkono uleule wenye plasta. Mejumaa alipopiga yowe, kofi likamng'oa jino. Karisa walimkanyaga mbavu mpaka akaacha kujikinga.

Wenzake walimleta dukani juu ya mkokoteni. Jamaldin akakimbilia mlango wa chuma.

"Si hapa, Sidi! Watanivunjia mashine!"

"Basi ushushe, Bwana Jamaldin. Sisi tuwe ndani."

Mlango ukashuka. Sidi akaketi.

"Safari hii tusitie salamu."

Karisa akatema damu kwenye leso. "Tusitie? Tumekuwa wanyama?"

"Wataka wamalizie mbavu zilizobaki?"

"Wao wanijua. Nami nawajua, kila siku hula maembe yetu bure. Andika, dada: Wakusalimu pia Sajini Faraj, aliyeurudia mkono wa Chirau, na Koplo Jared, aliyeng'oa jino la Mejumaa. Hawajambo, wako kazini."

Sidi akamtazama, akachapa.

"Basi?"

"Bado. Sisi twapatikana palepale."